Mchezaji wa Kigeni wa Garissa

Wenzangu wa barazani Tanga, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, ofisini, mbele ya serikali na mbele ya wauza maziwa. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na madereva, ikiwa imeshatiwa chumvi. (Ya kwangu ina chumvi ya kutosha.)

Kazi yangu huku Garissa mnaijua. Cherehani nimeiweka kibarazani kwa muuza vitambaa, nashona kutwa, na alasiri nadaka mpira. Mimi ndiye golikipa wa timu ya mji. Pia ndiye nahodha. Pia ndiye niliyeshona jezi, ndiyo maana yangu ina kola.

Huku ni vita, wenzangu. Mashifta, yaani waasi, wako porini, askari wako mjini, na sisi tuko katikati. Lori haziendi moja moja, zinakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Magharibi ikiingia, kila mtu ndani. Njiani unaulizwa: wewe nani, watoka wapi, nani anakujua? Lakini mpira tunacheza. Na kesho Jumamosi tunacheza na askari wa kambini, ambao wametufunga kila walipojisikia kutufunga.

Sasa sikilizeni. Wiki hii dereva mmoja, mzee Gedi, alishuka kutoka Modogashe akaja kunywa chai karibu na cherehani yangu. Akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, kila p inakuwa b, "Fundi, nimeona kijana Modogashe, anangoja msafara. Anacheza mbira. Subhanallah! Mbira inamsikia kama mbwa."

Hayo tu. Neno jingine hakusema.

Uvumi ukaanza. Mimi niliuanzisha? Hapana. Mimi niliulisha tu. Asubuhi kijana alikuwa "anatoka juu huko, upande wa Lafey". Adhuhuri alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka kabisa. Alasiri alikuwa amechezea timu kubwa ya Mogadishu, Waitaliano wakimlilia. Kesho yake nilimsikia kinyozi akisema kwamba shuti lake lilimvunja golikipa mbavu, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba nilikuwapo. (Ubavu wa kwanza niliuvunja mimi. Waliobaki wakavunja nyingine.)

Tena nikajifanya mwanasheria. Mnakumbuka niliposhona kule Mombasa, nikawa nakaa na watu wa vilabu vya mpira? Huko nilisikia kwamba mchezaji wa nchi nyingine hachezi ovyo, sharti awe na kibali. Basi nikawa nawahutubia wateja sindano mdomoni: "Mpira ni kazi! Mgeni hafanyi kazi bila kibali! Tukimchezesha hivi hivi, askari watatushtaki, ushindi wetu utafutwa!"

"Fundi unajua sheria," watu wakasema.

Najua, nikajibu. Ole wangu.

Leo asubuhi msafara ukaingia. Nikaacha suruali ya mtu mguu mmoja, nikakimbia. Abiria wakashuka wamejaa vumbi, na katikati yao kijana mrefu, mwembamba, kabegi begani, ndala mkononi. Nikamjua kwa miguu. Wenzangu, ile si miguu ya kusimamia foleni.

Nikamsogelea. Nikasema kwa sauti kubwa, polepole, kama mtu anayezungumza na ukuta: "WEWE! MPIRA?"

Akanitazama. "Haye," akasema. Kwao ni kama kusema sawa.

"MIMI," nikajipiga kifua, "NAHODHA. TWENDE OFISI. KIBALI!"

"Haye."

Akanifuata kwa adabu. Nikawa natembea mbele, kifua nje, nikiwapungia watu mkono kama nimeleta mvua.

Sasa njia ya ofisini inapita kando ya uwanja wetu. Wachezaji wangu walikuwa wanafanya mazoezi, na wakati huohuo kundi la mbuzi lilikuwa linavuka kwenda mtoni. Mpira ukapigwa vibaya, ukaja juu, unashuka kwetu. Kijana hakuweka kabegi chini. Aliinua mguu tu, mpira ukamkalia kwenye mgongo wa mguu. Ukatulia. Nawaapia, ulitulia kama ndege aliyefika kiotani.

Kisha akaingia nao kwenye mbuzi.

Sijui niwaeleze vipi. Mbuzi wamejaa, wanasukumana, na yeye anapita katikati yao pekupeku, mpira huku, mpira kule, chini ya tumbo la huyu, mbele ya pua ya yule. Hakuna mbuzi aliyeruka. Hakuna aliyelia. Mmoja alisimama kumtazama. Mchungaji alishusha fimbo yake begani akasahau mbuzi ni wa nani. Wachezaji wangu, watu wa kelele siku zote, hawakutoa sauti. Akatokea upande wa pili, akaupiga mpira kwa utaratibu hadi kwa mwenyewe, akarudi kwangu akipangusa vumbi.

"Haya, twende zetu ofisini," akasema.

(Hapo ningepaswa kushtuka. Kiswahili hicho kilikuwa kimenyooka. Lakini mimi macho yalikuwa yamejaa machozi, sikusikia kitu.)

Ofisini palijaa. Wanaume mstari mmoja, wanawake mstari mwingine, askari mlangoni na bunduki yake. Kila anayeshuka kwenye msafara lazima ajiandikishe, na jamaa huja hapo kuwapokea watu wao. Mezani alikuwa Bwana Musyoka, mtu wa bara, mpole, asiyecheka. Ningeweza kungoja zamu yangu. Sikungoja. Nikasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kusikika hadi mtoni:

"Bwana Musyoka! Nimeleta mchezaji wa kigeni! Naomba apewe kibali cha kazi!"

Mistari yote miwili ikanigeukia.

Bwana Musyoka akaweka kalamu chini. "Mgeni wa wapi?"

"Ng'ambo, Bwana! Kismayu! Mogadishu! Amevuka mpaka kuja kutuchezea!"

Wenzangu, kuna maneno ukiyatoa mdomoni unayaona yakienda na huwezi kuyakimbilia. Niliyaona. Wanaume waliokuwa karibu yangu wakasogea kando. Askari akasimama wima, bunduki ikashuka begani ikaja mikononi. Ndipo nikaelewa nilichosema. Katika mji huu, mwaka huu, nimemshika mkono kijana wa Kisomali, nimempeleka mbele ya serikali, nimetangaza kwamba amevuka mpaka. Watu wamechukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo. Jasho likanitoka hadi kwenye kola.

"Bwana, nili... yaani watu wanasema..."

"Watu gani?"

Watu gani! Ningemtaja nani? Kinyozi?

Kijana akapiga hatua mbele. Mikono yake ilikuwa wazi ubavuni, askari aione. Akasema kwa Kiswahili kilichonishinda mimi wa Tanga:

"Bwana, samahani. Mimi naitwa Abdi. Nimezaliwa hapahapa Garissa na shule nimesoma hapa. Niko Buna, nasaidia kuchanja ng'ombe wa serikali. Nimepewa ruhusa nije kwenye arusi ya dada yangu. Huyu bwana amenipokea kwenye lori, nilidhani ni mtu wa ofisi."

Kabla Bwana Musyoka hajajibu, mstari wa wanawake ukapasuka. Akatoka Eddo Halimo (eddo kwao ni shangazi).

Eddo Halimo, wenzangu, ndiye aniletaye maziwa kila asubuhi tangu nifike mji huu. Kila asubuhi huniambia, "Mtoto yangu iko Buna, mtoto yangu atakuja." Nami kila asubuhi nasema "mashallah" huku natafuta kikombe.

"Wewe fundi!" akasema. "Umesema nani mgeni? Hii mtoto nimezaa hapa, nyuma ya msikiti! Baba yake imezikwa hapa! Wewe ndiyo nilikubokea, unatetemeka kama kuku ya mvua, unauliza choo iko wapi! Leo mtoto yangu ndiyo mgeni?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata askari alirudisha bunduki begani, mabega yakimruka. Nikacheka na mimi, kwa kufarijika. Nilicheka mapema mno.

Bwana Musyoka, asiyecheka, akanigeukia. "Haya. Huyu ni wa hapa. Wewe umezaliwa wapi?"

"Mimi? Mimi kila mtu ananijua, Bwana."

"Wapi?"

"Tanga."

"Na Tanga iko wilaya gani ya Kenya?"

Nikatazama dari. Mnajua kwamba mkoa huu umefungwa, mtu wa nje haingii bila pasi. Ninayo. Naiweka mfukoni siku zote. Nikaitoa, imekunjika hadi imekuwa laini kama kitambaa. Akaisoma.

"Hii ni pasi ya kuleta mzigo wa nguo."

"Ndiyo, Bwana."

"Mzigo ulifika?"

"Ulifika salama, alhamdulillahi."

"Basi wewe unangoja nini?"

Mtu mmoja nyuma akaanguka kwa kucheka, nikasikia kishindo.

"Unashona bila kibali cha kazi," akaendelea Bwana Musyoka, taratibu. "Na kesho unadaka?"

"Nadaka, Bwana."

"Mimi nimepita kwenye cherehani yako wiki hii. Nimekusikia. Ulisema mpira ni nini?"

Nikasema chini kabisa, "Kazi."

"Sema wasikie."

"Mpira ni kazi! Mgeni hafanyi kazi bila kibali!"

Kwa hiyo, wenzangu, mchezaji wa kigeni asiye na kibali mjini Garissa ni mmoja tu, na ana kola.

Bwana Musyoka akasema msafara ujao nipandishwe lori nirudi kwetu, isipokuwa wakipatikana wenyeji wawili wa kunidhamini wakati tunaomba kibali changu. Kicheko kikakatika. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nani atamdhamini mtu aliyetoka kumtia mtoto wa watu mashakani? Nikaiona cherehani yangu juu ya lori.

"Mimi nitamdhamini," akasema Abdi.

Nawaambia, niliona maajabu mawili leo, na lile la mbuzi lilikuwa dogo. Kijana yule, ambaye kwa mdomo wangu angelala ndani, alikwenda mezani akatia sahihi yake, akaniita walaal, yaani ndugu. Wala hakuwa na uso wa mtu anayefanya jambo kubwa. Nyuma yake akaja Eddo Halimo, bado kakasirika, akachovya kidole kwenye wino.

"Hii ni mtu yetu," akamwambia Bwana Musyoka. "Mdomo kubwa, lakini yetu. Na gauni ya arusi ya binti yangu iko kwake, haina mikono. Akienda, binti itaolewa na nini?"

Nilitaka kusema asante. Nikasema mikono ya gauni itakuwa tayari kesho.

Nimeruhusiwa kukaa. Kushona, niendelee huku tukingoja jibu la Nairobi. Kudaka, marufuku mpaka kibali kitoke. Hilo Bwana Musyoka alilisema akitazama dirishani, na nadhani pale ndipo alipocheka. (Anashabikia timu ya kambini. Sina ushahidi.)

Alasiri hii nimekwenda mazoezini mara ya mwisho, nikakaa golini ili Abdi ajaribu mashuti. Alipiga moja. Niliuona mpira tangu ulipotoka mguuni, ukajipinda kwa upole kunizunguka, ukaingia. Sikunyanyua hata mkono. Nilisimama nikitabasamu kama mjinga. Kijana huyu kesho atacheza, Jumapili arusi, kisha anarudi Buna kuchanja ng'ombe, na wala haoni kwamba kuna cha ajabu.

Mji sasa unaniita Mgeni. Na uvumi mpya umeshatoka, nimeusikia kwa kinyozi kwa masikio yangu: eti timu ya Tanga imeniomba nirudi, na Garissa wamekubali kunitoa kwa gunia moja la nazi. Wengine wanasema ni nusu gunia.

Basi, wenzangu, nawasihi msinicheke. Na wewe afande unayefungua barua za watu njiani, nakuomba kwa heshima: ibandike tena vizuri, na ucheke mbali, karatasi isilowe.