Sindano Iliyokataa Kutulia

Leo nimeaibika, ndugu zangu wa Mlandege, Iringa. Naandika upesi kabla hamjaisikia kwa mwingine.

Mnajua nafanya kazi kwa Mzungu anayezunguka kupima nguvu ya sumaku iliyomo ardhini. Hapa Mbeya wamempa jina Bwana Sindano. Chombo chake ni cha shaba, kina miguu mitatu ya mbao, na ndani yake sindano inaning'inia kwa uzi mwembamba kama unywele. Ile sindano iko hai! (Nimeshaiota mara mbili.) Chuma kikisogea karibu tu, inapotea njia.

Leo nilikuwa nijaribiwe kuisoma mwenyewe. Nikifaulu, naenda naye Iringa kama karani, niwaone na nyie. Nikishindwa, nabaki huku.

Basi nikajifanya polisi. Wapagazi wote nikawapekua: visu, mikanda, funguo, hata kikopo cha ugoro. Mama Sekela, mwenye shamba la viazi tulimosimama, nikamwambia aondoe jembe lake.

"Jembe liko kule, mwanangu, litawadhuru nini?"

"Mama, hii ni sayansi!" (Sayansi! Mimi!)

Maskini, akalipandisha kilima hadi nyumbani.

Nikainama kusoma. Sindano ikanigeukia. Nikarudi nyuma, ikatulia. Nikainama tena, ikanifuata. Nywele zilinisimama!

"Bwana, chini hapa kuna chuma!"

Bwana Sindano macho yakamtoka. Akasogeza chombo pembeni, tukachimba. Tuta zima la viazi likang'oka. Chuma hakuna hata cha kuchokonolea meno.

Mama Sekela alikuwa amesharudi, ameshika kiuno, ananitazama. "Na hapo kifuani, baba, ndani ya koti, umeficha nini?"

Mungu wangu! Katambuga zangu mpya! Asubuhi nilizivua zisiingie tope, nikazifunga kamba na kuzitundika shingoni. Mimi niliwaza ni mpira wa tairi tu. Ile misumari iliyopigiliwa kuushika, wala sikuikumbuka.

Nikazitoa. Wapagazi wakaanguka kwa kicheko. Bwana Sindano akanipa daftari. "Andika sababu."

Nikaandika, jasho likinitoka: *Viatu vya karani.*

Akasoma, akatikisa kichwa. "Karani asiyeficha kosa lake ananifaa. Iringa utakuja. Viatu, hapana."

"Nipe mimi basi," akadakia Mama Sekela, "mimi sina sindano."

Angekataliwa vipi, na tuta lake limelala pale? Kwa hiyo mkiniona nashuka Iringa pekupeku, tafadhali msiniulize viatu viko wapi. Viko Mbeya, vinapanda viazi upya.