Baba Mdogo wa Kwenye Nyota

Kijiwe cha Hamimu fundi matairi, pale Buyenzi, kina mabenchi mawili ya mbao na kiti kimoja tu chenye mgongo. Ni kiti cha mbele cha gari lililokufa zamani, na hakikaliwi na mtu ila Mzee Uthmani, anayeitwa Bibliyoteki kwa sababu amesoma kitabu. Kimoja. Lakini kilikuwa kinene, cha Kifaransa, na hata baada ya miaka ishirini watu bado wanamtaka akisimulie upya. Akisimulia hukunja uso, hujisogeza kushoto taratibu, na benchi zima hunyamaza likijua msomi anatafuta neno.

Kitabu chenyewe ni cha msichana wa miaka kumi na minne anayeingia kisimani nyuma ya nyumba yao, akatokea kwenye nyota nyingine, akamtafuta mama yake aliyefungwa na Mfalme Asiye na Uso. Jumatano moja mchana alifika Mirindi, mtu wa Uvira, ambaye kazi yake ni kutafsiri filamu kwa kipaza sauti katika ukumbi wa video kule Buterere. Mkononi ana flash.

"Sikiliyeni, batu ba hapa. Kile kitabu cha Mze Bibliyoteki kimekuwa filme. Iko humu ndani. Dimanshi saa kumi naionyesha."

Uthmani akapaliwa na kahawa. Kuna jambo alilolijua peke yake: kitabu chake hakikuwa na mwisho. Kabla hakijamfikia, Fadhila muuza karanga alikuwa ameshachana kurasa kumi na sita za nyuma kufungia karanga, na ukurasa wa mwisho uliobaki unamwacha msichana ameshika kitasa cha nyumba ya Mfalme. Mwingine angesema ukweli. Uthmani aliufungua mlango mwenyewe: Mfalme akageuka, kumbe ni baba mdogo wa msichana, aliyekula kiwanja cha marehemu kaka yake akakimbilia kwenye nyota. Akapelekwa kwa bashingantahe, wazee wa kuamua kesi, nao wakamhukumu kurudisha kiwanja pamoja na kreti tatu za Fanta. Kijiwe kilipiga makofi mpaka Hamimu akaangusha jeki, na kiti Uthmani alipewa siku hiyo hiyo.

"Parkontre," alisema Fabrice, yaani kinyume chake, na ndiyo maana jina lake hapa ni Parkontre. Ni dereva wa madamu mmoja wa Kinindo, na tangu azaliwe hajakubaliana na mtu. "Parkontre, mi nimeona kipande ku televizyo ya madamu. Baba mudogo sikumuona."

"Kipande ni kipande," alijibu Waridi muuza kahawa. "We ukiona mukono wangu ku dirisha, utasema Waridi hana miguu?"

"Mi nasema hivi. Kama ku filme hakuna baba mudogo, Mze anatoka ku kiti, mi naingiya. Hamimu ni shahidi."

Hamimu, kichwa ndani ya tairi, alisema yeye ni shahidi wa pancha tu.

Uthmani alikunja uso, akajisogeza kushoto. "Mirindi mwanangu, utatafsiri maneno yote?"

"Natafsiri kile kiko, Mze."

"Hata mwishoni? Mwishoni watu wanakuwa wamechoka."

"Apana, Mze. Mwisho ndiyo banapenda zaidi."

Siku nne Uthmani alimwomba Mungu ile flash ipatwe na virusi. Tusifichane, mzee aliogopa. Bila kiti kile angebaki kuwa mtu mwenye baiskeli mbovu na kikohozi, kama wenzake wote wa rika lake.

Jumapili ukumbi ulijaa, watu wamekaa hadi juu ya ndoo. Msichana akaingia kisimani, akapigana na ndege wa chuma, akafika mlangoni, akashika kitasa. Uthmani akafumba macho, kisha akafungua moja. Mfalme akageuka, hana pua wala mdomo. Msichana akasema maneno mawili ya Kiingereza, akamkumbatia.

Kipaza sauti kikanguruma: "Baba mudogo, kumbe ni weye? Ulikula parsele ya papa yangu, ukakimbiya mpaka huku?"

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

"Parkontre anamukumbatiya," Fabrice alipaza sauti kutoka nyuma.

"Anamukamata asikimbiye," kipaza sauti kikamjibu.

"Yeye amesema maneno mawili, we umesema kumi na tatu."

"Kingereza banakifinya. Ukikifungua kinakuwa kirefu."

Kwenye skrini zikaingia mashine tatu zenye taa vichwani, zikasimama kimya.

"Na bale ni ba nani?" Fabrice akauliza.

"Bashingantahe ba kule. Si unaona habacheki?"

"Fanta iko wapi?"

Mama mmoja aliyekaa mbele akageuka, akamwambia Fabrice kwamba kama hapendi haki itendeke, mlango ni ule. Watu walimuunga mkono, maana mle ndani ni wachache tu ambao hawakuwa na kiwanja kilicholiwa na ndugu. Fabrice akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Jumatatu kijiweni Uthmani alimvuta Mirindi karibu na kiti chake, akamnong'oneza. "Niambie kweli. Baba mdogo alikuwepo?"

"Apana, Mze. Anamukumbatiya, mufalme analia, inaisha. Parsele habaigusi hata kidogo. Sasa mi niambiye batu ba Buterere kama mutu amefunga mama yako, umukumbatiye tu? Bangenivunjia mabenchi."

Uthmani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikamkatika alipomwona Fabrice anakuja, uso mzito, akielekea moja kwa moja kwenye kiti. Mzee akashika kingo za kiti kwa nguvu.

Fabrice hakumgusa. Alitoa shatini bahasha iliyofungwa katika mfuko wa plastiki.

"Mze, mi niko na baba mudogo pale Gasenyi. Parsele ya papa ameijenga nyumba mbili. Bashingantahe banataka barua yenye kueleweka, na mi nikianza kuandika napinga mpaka maneno yangu mwenyewe. We ulimalizia ile ya nyota. Nimaliziye na hii." Akafikiri kidogo. "Parkontre, usitiye kisima."

Uthmani akainuka, na Waridi akasahau birika likimwagikia jiko, kwa kuwa hakuwahi kumwona akiinuka kabla ya adhana miaka yote ile.

"Kaa hapa," mzee alisema, akichukua bahasha. "Nieleze kuanzia ukurasa wa kwanza."

Fabrice akakaa. Akaegemea kama waziri. Halafu akakunja uso, akajisogeza kushoto taratibu.

"Mze, hii kiti iko na chuma inanichoma."

"Miaka ishirini sasa," alisema Uthmani, akifungua kalamu. "We ulifikiri nilikuwa natafuta neno?"