Jitolee Kadiri ya Uwezo Wako

Kerrow hakuwa mwizi, jamani, tuelewane. Mwizi huvunja kufuli. Kerrow alikuwa mtu wa kukabidhiwa funguo, tena akibembelezwa azipokee.

Siku lori la msaada lilipoingia Garissa katikati ya msafara wa jeshi, vita vya Shifta vikiwa vimepamba moto, alikuwa amesimama karibu na posta na shati lililopigwa pasi na shida moja tu. Alitaka kwenda Nairobi, ambako vita vilikuwa habari ya redio, na hakuwa na kibali cha kusafiri. Bila kibali huvuki mto Tana, hata uwe na ulimi wa asali. Akawaona mabwana wawili wa chama cha huruma wakihangaika juani, magunia ya unga na ya maziwa ya unga yanashushwa, na msafara unataka kugeuza mchana uleule. Walikuwa wakitafuta kamati ya wenyeji. Kerrow akawaamkia kwa Kiingereza, akajitambulisha kuwa ndiye katibu wa kamati. Kamati yenyewe ilizaliwa papo hapo, na mwanachama wake pekee akapewa funguo za ghala.

Alasiri alikuwa kwa Guleid, mwenye duka, ambaye lori lake lilikuwa na vibali halali. Wakaelewana upesi: ghala zima liende kwa Guleid, na Kerrow apate kibali na kiti cha mbele katika msafara ujao wa Nairobi. Ila magunia yalikuwa na mhuri mkubwa wa chama, kwa hiyo kila kitu lazima kihamishiwe katika magunia yasiyo na alama. Hiyo ni kazi ya watu wengi, na Kerrow hakuwa na nia ya kumlipa mtu.

Hapa inafaa tuizungumzie hali ya ajira. Ngamia walikuwa wamechukuliwa na serikali, soko la mifugo limekufa, na amri ya kutotoka nje imewafungia watu ndani kama kuku. Kazi pekee iliyokuwa ikistawi mjini ni huruma. Huruma ilikuwa na maofisa, mahema na magari. Kilichokosekana ni mshahara, ambao kwa sababu za kiufundi ulikuwa ukibaki Nairobi.

Kerrow akawaita watu mbele ya ghala, wengi wao akina mama, akagawa vyeo kwa ukarimu. Shamso akawa Afisa wa Maziwa. Hinda akawa Mkuu wa Magunia. Qali, mjane ambaye ngamia wake waliondoka na askari, na ambaye wanawe walikuwa wakilala kwa chai ya rangi, akapewa usimamizi wa wote, kwa vile alikuwa na maswali mengi na Kerrow alitaka anyamaze. Hakunyamaza. Aliuliza watalipwa nini.

"Mshahara hakuna, walaal, ndugu yangu," Kerrow akasema, mkono kifuani. "Kazi hii ni ya kujitolea. Kila mtu ajitolee kadiri ya uwezo wake."

Kiswahili cha Qali kilikuwa cha sokoni. Akalitafuna lile neno polepole. Akauliza kama kujitolea maana yake ni mtu kutoa mwenyewe, bila kungoja kutolewa na mwingine. Mwenyewe kabisa, Kerrow akamjibu. Na ruhusa je? Haiombwi, moyo wako tu. Qali akamwomba alirudie kwa sauti ili askari aliyewekwa kulinda lango la ghala naye asikie. Kerrow hajawahi kukataa kuhutubia. Alirudia mpaka koo likamkauka.

Wakafanya kazi chini ya mabati yanayochoma, unga umewajaa puani, bila chai wala maji. Shamso alipolalamika aliambiwa kuwa wafanyakazi wa huruma hunywa thawabu. Hinda alichunwa mkono na kamba, akapandishwa cheo.

Asubuhi ya msafara kurudi, kila kitu kilikuwa kimekwisha hamishwa. Kerrow akaenda kunyolewa, kisha kwa Guleid kula maini ya mbuzi. Aliporudi ghalani, lori la Guleid likimfuata nyuma, alikuta sakafu imefagiwa ikafagika. Qali alikuwa amekaa mlangoni na ufagio.

"Unga uko wapi?"

"Tumejitolea," Qali akasema. "Kadiri ya uwezo, kama ulivyosema. Mimi mgongo unaniuma, nikaweza gunia moja tu. Shamso ana punda."

Kerrow akamgeukia askari wa lango, mtu wa Lamu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, akamuuliza aliwaachaje wabebe. Yule, uso mkavu kabisa, akajibu kwamba amri aliisikia kwa masikio yake, na kwamba kwao mtu akijitolea maji kisimani huondoka na ndoo. Tena alikuwa amesaidia kumpakia punda.

Kerrow alitamani kupiga kelele za mwizi. Lakini angeelezaje unga wa chama kuwa katika magunia yasiyo na alama? Guleid alikuwa amekwisha geuza lori, kibali mfukoni mwake, na vumbi lake likamwingia Kerrow katika nywele zilizonyolewa punde. Moyo ulimuuma, maskini, karibu alie.

Msafara ukaingia. Wale mabwana wawili wakaona ghala tupu, moshi wa kupika kila mtaa, watoto wenye midomo myeupe kwa maziwa. Hawakuwahi kuona msaada ukiwafikia watu upesi hivyo. Qali akawaambia kwamba yote ni kazi ya katibu, na mshahara mwenyewe hataki. Wakamkumbatia Kerrow. Wakamwendea ofisa wa wilaya, wakarudi na kibali cha kusafiri chenye jina lake. Kerrow akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma.

Kiliandikwa Mandera. Huko kuna njaa kali, wakamwambia, na wanahitaji mtu wa kujitolea hasa.

Kerrow akafungua mdomo akatae. Qali alikuwa kando ya ofisa, mkononi ana gunia moja lisilo na alama, analikunja taratibu. Kerrow akafunga mdomo, akapanda lori la kaskazini, akakaa juu ya mizigo. Kiti cha mbele kilikuwa cha wenye mshahara.

Kabla halijaondoka, Qali akamletea kifurushi cha maziwa ya unga kilichofungwa kwa kitambaa, maana njia ya Mandera ni ndefu na posho hakupewa.

"Haya tumekutolea sisi, walaal," akamwambia. "Ukifika huko, utajitolea mwenyewe."