Wiki ya Kumwandikia Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Alal, mke wangu, kasema nisimwaibishe. Kaninunulia na kalamu mpya. Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba yake, mzee Obwona, sajini mstaafu wa polisi, afariki. Wakwe wawili tutamzungumzia mbele ya watu, kule Luzira, Kampala: mimi, na Ochola, Mkenya aliyemwoa Lanyero, mdogo wake Alal. Tangu Ochola aingie ukoo huu, kiti chenye mto kwa mama mkwe ni chake. Mimi benchi.

Lakini mimi ni koplo wa polisi. Nimeandika maelezo ya wezi wa kuku tangu ujana, nishindwe na mzee mmoja? Nikaandika palepale, nikamsomea Alal: marehemu, mwanamume mtu mzima, alionekana mara ya mwisho amevaa shati la buluu. Akaniuliza kama tunamkumbuka baba yake au tunamtafuta. Akaenda jikoni. Kwa sauti za sufuria nilijua mambo si mazuri.

Jumanne, 5 Agosti
Nimetafakari uandishi wangu. Mbovu, na kazi ndiyo iliyouharibu. Kila nikianza, saa inatangulia, kisha mahali, kisha nguo. Machozi hayana nafasi. Nimeazimia kubadilika: kuamka mapema, kuandika kabla ya chai, kutumia maneno makubwa.

Nimeamka mapema. Nikahamishia meza dirishani. Mwanga ukazidi. Nikairudisha. Nikachonga penseli, ingawa natumia kalamu. Chai ikawa tayari. Mwandishi mzuri hakimbizwi.

Jumatano, 6 Agosti
Ochola kapiga simu kutoka Ntinda, anakouza matangi ya maji. Anauliza nimefikia wapi. Nikamwambia naweka nukta ya mwisho. Akasema yeye kamaliza, na Lanyero kasikia akalia. Lanyero hulia hata jirani akikata vitunguu. Ila chakula nilimwachia Alal, nikarudi kwenye karatasi.

Alhamisi, 7 Agosti
Ushindi. Rafiki yangu Okwera wa Bwaise kanitumia kwenye simu hotuba moja ya kumsifu marehemu, haina jina la mwandishi. Inaanza: ewe taa uliyezimika kabla ya alfajiri, ewe mti uliyetufunika kwa kivuli. Nimeinakili kwa mkono wangu, kwa hiyo sasa ni yangu. Palipokuwa na “profesa” nimeweka “sajini”. Na nimeandika kabla ya chai! Tabia mpya inazaa matunda.

Alal akauliza kama humo ndani yumo baba yake, yule aliyemjua. Akasema hataki kingine. Nikamwambia subira huvuta heri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempigia Akot, mshereheshaji wa kesho. Nikamwomba Ochola atangulie kuzungumza, mgeni huheshimiwa. Kumbe anayemaliza ndiye anayekumbukwa. Kiti chenye mto nakiona kwa mbali.

Jumamosi, 9 Agosti
Turubai lilijaa polisi wastaafu. Ochola akasimama na suti yake. Akaanza: ewe taa uliyezimika kabla ya alfajiri. Nikapapasa mfuko. Karatasi yangu ilikuwemo. Ukaja na mti, ukatufunika. Hakuacha hata neno, na profesa hakumtoa. Wazee wakawa wanageuka kumtafuta huyo profesa.

Kisha likaitwa jina langu. Koplo Kamis. Karatasi haina kazi tena, Alal ananitazama kwa macho mekundu. Mdomo ukafanya uliyoyazoea.

Nikasema: mwezi wa tatu, mwaka 2009, jioni, mvua ikinyesha, mimi konstebo mpya nikiwa zamu kwenye lango la kambi, alifika mwanamume niliyemtambua kuwa ni sajini Obwona. Alikuwa amevaa koti la mvua la kijani. Mimi sikuwa na koti. Siku hiyo nilikuwa nimepata habari kwamba mama yangu amefariki, na sikuwa nimemwambia mtu. Alinitazama usoni. Akavua koti, akanivika, akafunga vifungo yeye mwenyewe. Akaondoka kwa miguu kuelekea Port Bell, shati limelowa. Hakuniuliza kitu. Koti hakulidai hadi anafariki. Haya niliyaona mwenyewe, na ni ya kweli.

Wale wazee wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wima kama kwenye gwaride. Alal alilia mpaka Lanyero akamshika. Mimi nikakaa upesi, aibu imenijaa. Wiki nzima ya kujirekebisha, na nimetoa ripoti ya zamu.

Jumapili, 10 Agosti
Mama mkwe kanikalisha kwenye kiti chenye mto. Ochola kakaa benchi. Alal kaniambia niwe naandika hivyohivyo: nilichokiona, basi. Maskini, huzuni bado haijamtoka.

Nimetafakari upya. Kosa langu lilikuwa kuchota karibu. Vitu vya Okwera vinamfikia kila mwenye simu Kampala. Sasa mama mkwe anataka niandike risala ya harusi ya mjukuu wake, Desemba. Nimeshamwagiza jamaa yangu aliye Kisangani, kule Kongo, anitumie moja nzuri, ndefu, yenye njiwa na waridi. Na Akot nimemwambia mapema: safari hii, Ochola azungumze wa mwisho.