Sponji la Boneti na Karatasi Yake

Jumapili, 3 Machi

Leo natimiza miaka arobaini na nne tangu nivuke mpaka na lori hili, mke, mtoto mmoja mgongoni na godoro moja. Lori bado linaunguruma. Mimi pia.

Habari kubwa! Mjukuu amepata kazi ya ualimu katika mji wa mbali, mwendo wa saa nne. Anahama Jumamosi. Vyombo vyake vitabebwa na nani? Swali gani hilo! Katika familia hii hakuna aliyewahi kuhama bila lori langu. Lakini baada ya chakula Fundi Cherehani akasimama, chai mkononi, akatangaza kwamba pikapu yake iko tayari. Huyu ni baba wa mume wa binti yangu, kwa hiyo mjukuu ni wetu sote wawili. Bahati mbaya. Pikapu yake haitoi sauti hata ya kikohozi. Gari lisilosikika linaficha nini?

Mjukuu akasema kwa adabu kwamba ndani ya lori hasikii kitu, na joto la injini humchoma miguu. Safari ya mwisho, akasema, Babu alikuwa anaeleza jambo njia nzima, naye akawa anaitikia tu.

Njia nzima! Nilikuwa namweleza nyumba yetu ya kule, chumba kwa chumba. Kumbe "eeh" zote zile zilikuwa za heshima.

Jumamosi atanisikia. Nimeapa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua boneti. Mkosaji amepatikana: lile sponji jeusi la chini ya boneti, la kuzuia joto na kelele. Lina umri wa lori. Limekuwa kama keki iliyosahauliwa jikoni, ukiligusa linamomonyoka. Vipande juu ya injini, vipande kwenye mdomo wa kichujio cha hewa, vingine vimeloa mafuta, tayari kushika moto. Nimelikwangua lote kwa kisu. Mke amekitambua kisu. Tumezungumza, yaani yeye.

Nikaenda duka la vipuri. Mwenye duka akanionyesha sponji jipya, nene, upande mmoja unang'aa kama fedha, upande wa pili una karatasi nyeupe. Akaanza kunielekeza namna ya kulibandika. Nikamwambia nimefungua boneti nyingi kuliko milango aliyofungua yeye. Akaacha maelekezo, akaandika risiti. Heshima ipo bado duniani. Nimechukua vipande viwili, kimoja cha akiba.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imekwisha! Peke yangu!

Upande wa fedha nimeuelekeza kwenye injini, inavyotakiwa. Karatasi ya nyuma sikuibandua. Kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza. Kwetu kochi lina nailoni yake mwaka wa kumi na tisa sasa. Redio hulala ndani ya boksi lake. Friji bado ina stika mlangoni. Mimi na mke tulikubaliana tangu mwaka wa kwanza: kila kitu kibaki kipya, ili siku ya kurudi kifungashwe kama kilivyotoka dukani.

Basi nikapaka gundi ya viatu juu ya karatasi, makopo mawili. Karatasi ilikuwa na maandishi mengi, madogo, ya kitaalamu. Dalili ya bidhaa bora. Sikuyasoma, miwani ilikuwa ndani.

Fundi Cherehani alipita, akachungulia, akauliza kama nina uhakika na hiyo karatasi. Nikamuuliza kama yeye ana uhakika na suruali aliyomshonea mwanawe, ile yenye mguu mmoja mrefu. Akaenda zake.

Jumatano, 6 Machi

Kimya! Nimezunguka mtaa mara mbili. Nimesikia taa ya kukatia kona ikilia tik tik. Sikujua kama hulia. Nikampakia mjukuu. Akanong'ona, nikamsikia! Ameamua mwenyewe: Jumamosi ni lori.

Nikapita mbele ya duka la Fundi Cherehani mara tatu, polepole, asikie jinsi nisivyosikika. Hakuinua kichwa. Hakunisikia. Ushindi, lakini una kasoro.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa natoka kwa seremala na kitanda cha mjukuu. Nikasikia harufu ya kiatu kinachoungua. Nikatazama viatu vyangu. Vizima. Kisha puu! Sponji zima limeanguka juu ya injini, pembe yake ikanaswa na feni, ikakatwa kama kabichi. Lori likazima. Wapi? Mbele ya Fundi Cherehani! Kati ya maduka yote ya mji huu!

Akatoka, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, bila haraka. Akaokota kipande, akakwaruza ukingo kwa ukucha. Karatasi ikabanduka. Chini yake, gundi tupu, safi, ikaushika mkono wake.

"Mkwe," akasema, "gundi ilikuwa humu humu."

Miwani yake haitoki puani. Akasoma: bandua karatasi hii kabla ya kubandika. Alisoma mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya wateja.

Nimetoa mabaki kwenye feni, lori limewaka. Lakini Jumamosi ni pikapu.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimekaa kwenye kochi, nailoni ikalia chini yangu. Mke akasema, "Mzee, miaka kumi na tisa tunatokwa jasho kwenye hii nailoni. Hiyo nyumba tunayoitunzia kochi, ipo?"

Anajua haipo. Mpwa wangu aliandika zamani: barabara imepita chumbani kwetu. Barua ninayo, ndani ya bahasha yake.

Nikaenda kwa Fundi Cherehani na kile kipande cha akiba. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumpa nafasi ya kusaidia. Akaipima boneti kama anapima koti, akachora, akakata. Halafu akasema kinachoning'inia kichwa chini hakitegemei gundi peke yake, kinataka vifungo. Tukakaza parafujo zenye kofia pana, kila pembe na katikati. Nilikuwa nafikiria jambo hilo hilo.

Karatasi nimeibandua mwenyewe. Mkono ulisita. Ikatoka kwa mlio mmoja mrefu.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema kiti cha dirishani kesho. Mjukuu amekubali lori, kwa masharti hayo.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne njiani, na sponji halikutikisika! Miguu ya mjukuu mizima. Nikaanza: nyumba yetu ya kule, mlango wa mbele, ukumbi, chumba cha mama. Alisikia kila neno. Tatizo, na yule wa dirishani alisikia. Akauliza ukumbi ulikuwa na madirisha mangapi. Manne. Au matano. Nimeisimulia nyumba hiyo miaka yote kwa kelele, hakuna aliyewahi kuuliza.

Mjukuu akauliza, "Babu, utarudi?"

Nikajibu kwamba barabara ilipita chumbani. Akasema hilo si jibu la swali lake. Nikabadilisha gia. Haikuwa na haja ya kubadilishwa. Fundi Cherehani akatazama nje. Ana adabu, siku moja moja.

Tulipofika, mjukuu alichana nailoni ya godoro jipya kabla sijamzuia. Nikapiga ukelele. Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega. Wana kicheko kimoja. Sikuwahi kukisikia.

Jumapili, 10 Machi

Nimeitangazia familia kwamba ukimya wa lori ni ubunifu wangu. Fundi Cherehani alisaidia upande wa mkasi.

Lori linastahili zawadi. Nimelinunulia vifuniko vipya vya viti, vyekundu, nikavivalisha mwenyewe. Nailoni yake sijaitoa. Inazuia vumbi.

Mke ameuliza navitunzia safari gani. Nimempa jibu ambalo mjukuu alilidai jana. Kule sitarudi.