Kipunji Aliyenikwepa

Jumanne, 10 Juni
Andika, Tulia, mkwe wangu, wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika leo nimekasirika. Hasheem, yule kijana wa Msasani anayetembeza wageni msituni, kapita tena na Wazungu wake, kawapeleka kula viazi kwa Esnath. Kwa Esnath! Jirani anayetia maji kwenye maziwa. Mlango wangu uko wazi, maziwa mgando yapo, hakuna hata wa kunisalimia. Jioni Esnath ananipungia mkono kama mke wa mkuu wa mkoa.
Sasa nimepata akili. Wageni wanamtafuta kipunji, yule kima wa manyoya mengi asiyeonekana ovyo. Nitamwambia Hasheem kwamba kipunji analala nyuma ya shamba langu. Sijawahi kumwona. Lakini Hasheem atajuaje?

Alhamisi, 12 Juni
Hasheem kakubali. Kesho analeta mtu na mkewe. Wakimwona kipunji, watakula kwangu, na wengine wote watakaokuja. Wasipomwona, nisimsumbue tena. Nimechagua viazi vikubwa. Hapa kijijini Isongole, chini ya mlima, leo baridi, mwe! Marehemu mume wangu baridi kama hii alikuwa... aa, futa, hiyo ndefu.

Ijumaa, 13 Juni
Sielewi. Andika hivyo kwanza.
Nimebandika viazi, nimetangulia njia ya msituni, wao nyuma. Ukungu. Kipunji hakuna. Hata wale kima wezi wa mahindi yangu, hakuna. Mara nani huyo anashuka na fimbo? Mzee Andongwisye, mdogo wake marehemu baba mkwe! Na kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wala ndugu zake. Meno yameniisha, bado simtazami. Nikajitupa kichakani, koti langu la mtumba, la manyoya, nikalivuta mpaka juu ya kichwa, mgongo nikaelekeza njiani. Na yeye, mtu wa adabu, akageuka, akasimama kusubiri niondoke. Mimi nasubiri aondoke yeye. Tukasubiriana.
Hasheem akafika. Akanong'ona Kizungu na wageni. Halafu nikamsikia: "Shikamoo mzee. Usimtishe, huyo ana aibu."
Mzee akajibu, "Marahaba. Huyo wa kwetu. Ana adabu tangu alipokuja."
Nikafurahi kusifiwa. Lakini kamera zikaanza, kacha kacha kacha, na yule mama wa Kizungu analia kwa furaha. Nikajua kipunji yupo, na mimi siwezi kugeuza shingo!
Nimetoka miguu imekufa ganzi, watu wameshaondoka. Nyumbani viazi vimekuwa makaa. Wageni wamekula kwa Esnath.

Jumamosi, 14 Juni
Hasheem kaja na picha kwenye simu. Macho yangu haya, lakini nimeona: mnyama mnene, kahawia, kajikunja. Na kichaka ni kilekile nilichojificha. Kilekile! Basi alikuwa mgongoni kwangu, nisisikie hata pumzi yake. Tulia, unacheka nini? Andika.
Jumatatu wanakuja wageni sita, wanamtaka huyohuyo. Hasheem kanipa nafasi ya mwisho. Kaniambia, "Bibi, safari hii wewe usitoke jikoni. Angalia viazi tu."
Nimeitikia. Lakini mlima wetu, kipunji wetu, amwone mtu wa Ulaya, mimi nisimwone? Viazi nitamwachia Esnath aniangalizie, si yuko karibu. Mimi alfajiri naingia kichaka kilekile, najifunika koti, natulia. Na safari hii nitageuza shingo.