Chupa ya Hewa ya Bavon, Tafadhali Muikatalie

Papa Prezida Zacharie,
Klabu ya Bunduki za Hewa, huko Lubunga, ng'ambo ya mto

Sasa hivi, mbele nishike hii biki ya kuandikia, mutoto wangu Vicky, wa mwaka mumoja na nusu, ametambaa mpaka kwenye kona ya chumba, akakumbatia ile chupa ya hewa ya bunduki ya baba yake kwa mikono miwili, akaijaza mate kwa kuibusu, na akasema: "Papa." Ni neno lake la kwanza, Papa Prezida. Tulilingojea tangu Pasaka. Bavon mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono wazi. Mutoto hakugeuka. Bavon akachukua kofia yake, akaenda kazini.

Ndiyo maana ninawaandikia, kwa heshima yote. Mimi ni Félicité, bibi ya Bavon, ule mukonda anayefunga mudomo wakati wa kulenga. Ninajua Jumamosi hii munapima upya chupa za wanachama, mbele ya kuzijaza hewa ya bunduki zao. Ile ya Bavon iko ya nyuzi za kaboni, ilitumikia kwanza wazima-moto wa Ulaya, na sasa iko na miaka kumi na tatu. Ombi langu ni moja tu: muikatalie. Hata ikifaulu, muikatalie. Muandike "imekufa", mupige muhuri, mimi nitalia kidogo mbele ya watu, na itaisha. Sababu zangu ni hizi.

1. Blanketi. Muliwaambia wanachama kwamba ngozi ya chupa haitaki kukwaruzwa, alama moja yenye kina inatosha kuiua. Bon, Bavon alisikia. Alirudi nyumbani, akatoa blanketi ya Vicky, ile ya manjano yenye bata, akaifunika chupa. Nikauliza mutoto atajifunika nini. Akanijibu: "Mutoto akikwaruzwa anapona, Félicité. Chupa haiponi." Na mubaya zaidi, iko kweli.

2. Kona. Nyumba yetu hapa Tshopo iko na chumba kimoja na salo ya kukalia. Chupa haitaki jua, haitaki moto. Alors jiko langu la makala limehamia nje kwenye mvua, na chupa imepewa kona yenye baridi, ambayo ilikuwa kona ya mutoto. Vicky analala mita moja tu toka kwa kitu ambacho, ninyi wenyewe mulisema, kikijaa kinashika bari mia tatu za nguvu ya hewa, na kikipasuka kinaondoka na ukuta. Bavon ananiambia: "Iko karibu tupu, usiogope." Mimi ninaogopa hata hiyo karibu. Nikifagia pale, ninafagia polepole kama ninapita mbele ya askofu. Na ikishapimwa na kujazwa, itarudi pale pale. Papa Prezida, hii ndiyo sababu ya kweli. Zingine ni za kuipa nguvu.

3. Mto. Mwezi uliopita Bavon alinituma niwaletee chupa muiangalie kwa macho. Wapiga-kafi wa pirogue, ile mitumbwi ya kuvusha watu, walikataa kuibeba, walisema wako na watoto wa kulea. Donc niliifunga mugongoni na kikwembe kama mutoto, nikaweka kofia ya Vicky juu ya robine, pale hewa inafunguliwa. Tukapita. Lakini mama mumoja wa Yanonge, mwenye kikapu cha samaki, akaanza: "Ee mama, mutoto wako iko kimya hivi! Unamupa nini?" Jirani yake akanyosha mukono, akamugonga kidogo mugongoni. Ikalia ngo, ngo. Tulipofika katikati ya mto, yule wa samaki akasema kwa sauti ya huruma: "Tumuombee, huyu amekauka ndani." Pirogue nzima ikafunga macho. Hata mupiga-kafi akaacha kupiga, tukaanza kuteremka na maji. Na mimi nikasema amina. Nimedanganya Wakristo kumi na mumoja kwa ajili ya bunduki ya kuangusha makopo.

4. Mutihani wenyewe. Bavon alinieleza: munaijaza maji kwa nguvu mpaka inavimba, halafu munayatoa, munapima kama imerudi vile ilikuwa. Ikirudi, muhuri. Isiporudi, inatupwa. Papa Prezida, mimi nilivimba miezi tisa. Sikurudi vile nilikuwa, nguo yangu ya ndoa ni shahidi. Kwa kanuni ya klabu, mimi ndiye wa kutupwa, na chupa ndiyo ya kubaki na blanketi. Hakuna mutu alinipima, hakuna mutu alinipigia muhuri, na kila asubuhi ninaanza kazi kwa bari ambazo hazijaandikwa popote.

5. Hapo inafuata neno moja. Kama kitu kilichotumika kinapaswa kupimwa kila miaka mitano, klabu ipime na mabwana. Ndoa yetu iko na miaka mine na nusu, tarehe inakaribia. Ninaomba mumupime Bavon Jumamosi hiyo hiyo. Maji musimujaze, mumuulize tu: jino la kwanza la Vicky lilitoka juu ao chini? Dawa yake ya homa inaitwa nani? Analala kwa bega gani? Akipata mawili juu ya matatu, mumupige muhuri kwenye paji na mumurudishe. Akishindwa, mumubakize kwenu pamoja na chupa, mutoto atawatembelea siku ya Mungu. Hapana kwamba ni mutu mubaya. Anachota maji bila kuombwa, na akiangusha makopo yote anaingia nyumbani anacheka mpaka mboga ya pondu inapoa. Ninataka tu acheke upande wetu.

Nisalimieni Mama Clothilde, bibi yenu, wanachama wote, na ule papa wa kompresa, mashine ya kujaza hewa, ambaye sijui jina lake lakini anakohoa. Mungu awape mukono imara siku ya Jumamosi.

Ni mimi binti yenu,
Félicité, Mama Vicky

P.S. Papa Prezida, nimesoma tena hii barua na moyo umenichoma. Kwenye liste ya mashindano ya wamama hapo klabu, yule "F." wa kwanza kabisa ni mimi. Bavon hajui. Ile hewa anayosema inatoroka kwenye robine, haitoroki. Nimejifunza kuifungua polepole, ninajaza bunduki yake, na tunalenga nyuma ya nyumba ya jirani yangu Yolande, kwenye mufuko wa mchanga, mchana, wakati Vicky iko kwa nyanya yake. Jana niliangusha makopo matano juu ya matano. Sijakuwa wa kwanza kwa kitu, hata shuleni mbele niiache. Kwa hiyo mufute yote ya juu. Muipime kwa haki, na kama iko muzima musiseme imekufa, muijaze tu na muilaze huko klabu, mimi nitavuka kuifuata. Tena jambo moja, Yolande ananiita kwenye ukuta, anasema amekwisha kupanga makopo na mukono wake leo iko moto. Jumamosi mukifungua robine na mukute hakuna hata pumzi, tafadhali mumuambie Bavon kwamba ni robine.